Swali la Pili: Wito kwa Watu wa Makindu

Ndugu zangu wa Makindu, Kiboko, Kibwezi na Mtito Andei, pamoja nanyi majirani wa Kitui mnaovuka mto Athi kuja kwenye masoko yetu, nina ombi. Linahusu maumivu ambayo wake zetu, dada zetu na mama zetu wamekuwa wakiyabeba miaka mingi bila kujua yanaitwaje.

Yanakaa chini ya kitovu, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine. Asubuhi si makali. Mama anaposimama nyuma ya meza ya machungwa kando ya barabara ya Mombasa, anapoinama kung'oa ndengu, au anapotembea na mtungi wa lita 20 mgongoni na ukanda kichwani, yanazidi saa baada ya saa. Jioni tumbo la chini limekuwa zito na linavuta kuelekea chini. Akilala, yanapungua. Siku chache kabla ya hedhi yanapamba moto. Baada ya tendo la ndoa yanaweza kudumu saa nyingi, pengine hadi kesho yake, na hilo mama hamwambii mtu.

Anakwenda zahanati. Malaria hakuna, mkojo ni safi. Anapewa dawa ya ameba. Safari nyingine ni ya taifodi, nyingine tena ni ya vidonda vya tumbo. Akizidi kurudi, anaulizwa kama nyumbani kuna amani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mama huyu hakuficha kitu. Alisema, tena si mara moja. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza swali la pili: yanazidi ukisimama? Yanapungua ukilala? Na baada ya kukutana na mzee nyumbani, hali huwaje?

Maswali hayo madogo ndiyo kiini cha wito wangu, kwa sababu majibu yake yanaweza kuelekeza kwenye ugonjwa unaojulikana kitabibu, wenye vipimo na wenye matibabu: msongamano wa damu katika vena za nyonga.

Vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni, na ndani yake mna vali ndogondogo. Vali hizo hufanya kazi ya mlango wa zizi unaofunguka upande mmoja tu: mbuzi aliyepita harudi alikotoka. Zikilegea, damu inayopaswa kupanda huteremka tena na kutuama karibu na mfuko wa uzazi na ovari. Vena hupanuka na kujipinda, na uzito ule huanza.

Ujauzito ndio unaozichosha vali hizo kuliko jambo jingine lolote. Wakati wa mimba vena za nyonga hupanuka sana ili zipitishe damu nyingi, huku homoni zikilegeza kuta zake, na kwa aliyezaa mara kadhaa baadhi ya vena hazirudi zilivyokuwa. Kushoto huathirika zaidi kwa sababu vena ya ovari ya upande huo haiingii moja kwa moja kwenye mshipa mkuu. Hupitia kwanza vena ya figo. Kwa hiyo wanaougua ni hasa walio katika umri wa kuzaa, na wengi hupata nafuu baada ya hedhi kukoma. Baadhi yao huwa pia na mishipa iliyovimba kwenye mapaja, makalio au sehemu za siri, iliyojitokeza wakati wa mimba na haikuondoka.

Kwa nini haionekani hospitalini? Mama hulazwa chali ili apigwe ultrasaundi, na kulala ndiko kunakomtuliza: damu hupungua kwenye vena na picha inatoka safi. Mpimaji naye aliagizwa atazame faibroidi na uvimbe wa ovari, basi anatazama hivyo alivyoagizwa. Anayejua anachotafuta hutumia Dopla, yaani ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, humwambia mgonjwa akaze tumbo au ainuke kidogo, kisha hupima upana wa vena ya ovari. Vena ya milimita 6 au zaidi, yenye damu inayorudi nyuma, humfanya aendelee kuchunguza.

Niseme wazi: si kila maumivu ya chini ya kitovu ni haya. Yapo yanayotokana na endometriosi, maambukizi ya via vya uzazi, faibroidi, kibofu, utumbo na hata mgongo. Anayetokwa na damu nje ya hedhi au baada ya tendo la ndoa, mwenye homa na uchafu wenye harufu, anayekonda bila sababu, au aliyeshikwa ghafla na maumivu makali huku hedhi imechelewa, aende hospitali leo. Swali la pili haliondoi vipimo vingine; linaongeza kimoja kilichosahauliwa.

Dunia nayo ilichelewa. Mfaransa Richet aliandika habari za vena hizi mwaka 1857. Mwaka 1949 daktari Howard Taylor wa Marekani aliunganisha maumivu haya na damu iliyotuama nyongani, lakini yeye naye aliona msongo wa mawazo una sehemu kubwa. Ilibidi ifike 1984 ndipo kundi la madaktari wa London, akiwemo profesa Richard Beard, lilipochapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya uchunguzi wa wanawake ambao walikuwa wameumwa muda mrefu bila sababu kuonekana. Walitia dawa ya kuonyesha mishipa, wakapiga eksirei, na vena zilizopanuka zikaonekana. Wanawake walioambiwa kwamba ugonjwa uko kichwani mwao walikuwa nao nyongani.

Kazi ambayo madaktari hao wa London waliichapisha mwaka 1988 ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tulio mbali na mashine kubwa. Walitafuta dalili zinazoweza kumtenga mwenye msongamano na mwenye ugonjwa mwingine wa nyonga. Zilizojitokeza ni mbili. Ya kwanza ni maumivu yanayobaki baada ya tendo la ndoa. Ya pili ni uchungu daktari anapobonyeza kwa kidole mahali ovari ilipo, kwenye mstari unaotoka kitovuni hadi ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga. Zilipokutana zote mbili, ziliwatambua 94 katika kila wanawake 100 wenye msongamano, na ziliwaacha kando 77 katika kila 100 wenye magonjwa mengine. Vifaa vilivyohitajika ni sikio na kidole, na vyote viwili vipo katika kila zahanati ya Makueni.

Lakini wanawake wale walikuwa wachache, tena wa London. Je, dalili hizo zina nguvu ileile kwa mama wa Makindu anayechota maji mbali, aliyezaa akiwa kijana na anayesimama sokoni tangu alfajiri? Jibu haliwezi kutoka London. Litatoka hapa.

Mwaka 1989 lilifuata jaribio la dawa kwa wanawake 84, ambapo waliopewa dawa na waliopewa kidonge kisicho na dawa walichaguliwa kwa bahati. Waliomeza medroksiprojesteroni miligramu 50 kila siku kwa miezi minne walipata nafuu: 73 katika kila 100 walisema maumivu yalipungua kwa nusu au zaidi, wakati upande wa pili walikuwa 33. Dawa iliposimamishwa, faida yake peke yake haikudumu. Hapo pana jambo la kutufikirisha, kwa maana medroksiprojesteroni ndiyo dawa iliyomo katika sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, mojawapo ya njia zinazotumika zaidi nchini Kenya. Je, wanaochomwa sindano hiyo hapa kwetu huumwa kidogo kuliko wengine? Wanaoiacha, maumivu hurudi? Simwambii mtu aikimbilie sindano kama tiba. Dozi na namna ya kuitumia ni tofauti, na ina madhara yake ya kuzungumza na daktari. Nasema kwamba swali lenye thamani kwa dunia nzima limekaa kwenye daftari za kliniki zetu za uzazi likisubiri mtu wa kuliuliza.

Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza walieleza jinsi walivyomtibu mwanamke mmoja kwa kuziba vena zake za ovari kutoka ndani, kwa mrija mwembamba uliopitishwa kwenye mshipa na bila kupasua tumbo. Njia hiyo sasa inatumika katika nchi nyingi. Mwaka 2016 watafiti wa Birmingham walikusanya tafiti zilizokuwapo na kuona kwamba takribani robo tatu ya waliozibwa vena walipata nafuu kubwa mapema. Walionya pia kuwa ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu: tafiti nyingi zilikuwa ndogo na hazikuwa na kundi la kulinganisha. Nyingi zilifanyika Ulaya na Marekani, na mwanamke wa nyanda kavu za Afrika Mashariki hamo katika hesabu zao.

Matibabu hayo si ndoto kwa upande wetu wa dunia. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2018 kufundisha madaktari wa Kitanzania kutibu kwa mrija ndani ya mishipa, kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale. Nairobi nako wapo madaktari wa fani hiyo. Pengo kubwa liko kati ya kijiji na daktari huyo, maana hakuna atakayepewa rufaa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeushuku.

Kutazamwa na watafiti si jambo geni Ukambani. Katika miaka ya 1970, Makueni ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos, familia za Matungulu na Mbiuni zilitembelewa nyumba kwa nyumba, mara kwa mara, na watu waliouliza kuhusu mimba, uzazi, surua, kifaduro na kuhara. Kazi ile ilichapishwa kama kitabu mwaka 1984, na wanafunzi wa afya ya umma wanaitaja hadi leo. Hapa jirani Kibwezi, shirika la AMREF liliendesha mpango wa afya ya vijijini uliofundisha wanakijiji wenyewe kuwa wahudumu wa afya, wakati wazo hilo lilikuwa changa. Mama zetu walishajibu maswali kuhusu watoto wao. Sasa waulizwe kuhusu miili yao wenyewe, hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Tunajua pia sauti moja inaweza kufanya nini. Mtangazaji Njambi Koikai, tuliyemfahamu kama Jahmby, alisimulia hadharani mateso yake ya endometriosi hadi Wakenya wengi wakalijua jina la ugonjwa huo. Alifariki Juni 2024. Ugonjwa wake si huu, ila njia ya kupuuzwa ni ileile, na alituonyesha kwamba maumivu ya nyonga yanaweza kutajwa redioni na mezani bila aibu. Tusingoje msiba mwingine ndipo tuzungumze.

Basi naanza nanyi, akina mama. Chukueni daftari la shule, la kurasa chache tu. Kwa miezi mitatu andika kila siku unayoumwa: yameanza saa ngapi, ulikuwa umesimama au umebeba nini, yalipungua ulipolala au la, hedhi iko siku ya ngapi, na kama yalikuja baada ya tendo la ndoa. Ukurasa wa kwanza uwe na umri wako, idadi ya mimba, njia ya kupanga uzazi unayotumia, na kama una mishipa iliyovimba mapajani. Asiyeandika amwombe binti yake, au aweke alama kwenye kalenda. Maumivu yaliyodumu miezi sita au zaidi madaktari huyaita sugu, na mama mwenye daftari mkononi ana kitu cha kumwekea mhudumu mezani. Kwenye chama, kabla ya kuhesabu michango, tengeni dakika chache za jambo hili. Atakapofungua mmoja, wengine watafuata.

Nanyi wanaume, mama wakwe na wazee wa boma: mama akisema anaumwa baada ya tendo la ndoa, si dharau wala dalili kwamba ana mwingine. Mpeni nafasi alale mchana kidogo. Kijana mwenye nguvu na abebe mtungi. Punda na mkokoteni vipo. Na siku ya kliniki mume amsindikize, aketi naye kwenye foleni.

Wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya wa nyanjani, ninyi ndio mlango wenyewe. Nawaomba maswali manne kwa kila mwanamke anayerudi na maumivu ya tumbo la chini: kusimama, kulala, hedhi, tendo la ndoa. Ongezeni kidole mahali pa ovari, faraghani na kwa ridhaa yake, kisha andikeni majibu kwenye rejista, hata kama ni kwa mstari mmoja. Rejista zenye mistari hiyo kutoka zahanati zote za eneo hili zingekuwa mwanzo wa utafiti kabla hata ya mtafiti kufika. Anayejibu ndiyo kwa mengi apewe barua ya rufaa inayotaja vena za nyonga kwa jina, ili mpimaji wa ultrasaundi ajue pa kutazama.

Viongozi wa kaunti, Makueni imejijengea jina katika afya. Mpango wa MakueniCare, ulioanza mwaka 2016 kwa shilingi 500 kwa familia kwa mwaka, ulitazamwa na nchi nzima, na hospitali ya mama na mtoto ya Wote ni fahari yetu. Ombi la sasa si jengo. Ni mafunzo ya Dopla kwa wapimaji wa Makindu na Wote, siku moja maalumu ya kliniki ya maumivu sugu ya nyonga kila mwezi, na njia ya rufaa inayoeleweka hadi Nairobi. Wananchi, hayo yasemeni kwenye vikao vya umma vya bajeti. Makueni tumezoea kuketi katika vikao vya kijiji na kutaja barabara, kisima na mabati ya shule. Safari hii mama mmoja asimame ataje nyonga, na wengine wamuunge mkono.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya kule Kitui, wa Nairobi na kwingineko, kazi inawangoja. Anzeni na la msingi: ni wanawake wangapi wenye maumivu haya, na kati yao ni wangapi wana vena zilizopanuka. Linganisheni na wasioumwa, maana vena iliyopanuka huonekana hata kwa mwanamke asiye na maumivu yoyote, na hilo ni fumbo ambalo sayansi bado inalifungua. Pimeni zile dalili mbili za 1988 kwa miili ya wanawake wetu. Ulizeni kuhusu mitungi na kuhusu sindano. Tangu 2021 kuna utaratibu wa kimataifa wa kuyapanga magonjwa haya kwa dalili, kwa vena zilizovimba na kwa chanzo chake. Utumieni ili matokeo ya Makindu yasomeke kwingine.

Mkija, njooni kwa adabu. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na cha kamati ya maadili kiwe mkononi. Maelezo yatolewe kwa Kikamba na kwa Kiswahili, kwa sauti, na mwanamke apewe muda wa kufikiri. Anayemchunguza awe mtu anayeridhia yeye. Atakayekutwa na vena mbovu aelekezwe kwenye matibabu, asiachwe na habari mbaya tu. Na utafiti ukiisha rudini barazani, muwaambie waliowajibu mmegundua nini.

Nawe mama, utakapoalikwa, ujue haki zako. Kushiriki ni hiari. Unaweza kukataa, au kukubali leo na kujitoa kesho, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Habari zako za afya zinalindwa na sheria ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data. Uliza jina lako litahifadhiwa wapi na nani ataliona. Uliza kama kuna hatari, na nani atagharamia ukidhurika. Mtafiti mwema hufurahi akiulizwa. Anayekukemea, mwage.

Sisi ni watu wa mwethya, kazi ya pamoja. Matuta yanayozuia udongo wetu na mabwawa ya mchanga yanayotunza maji kwenye mito mikavu yalijengwa na mikono mingi, ya wanawake mbele, kila mmoja akileta jembe na siku yake. Utafiti huu nao unaweza kujengwa hivyo: mama alete daftari, muuguzi alete mstari wake kwenye rejista, mume alete usiku mmoja wa kusikiliza, kaunti ilete Dopla, chuo kilete mtaalamu.

Mkutano ujao wa chama chako, wa kanisa au msikiti wako, wa kijiji chako, tafadhali somea watu maswali yale manne. Andika majina ya wanaotaka kuanza daftari. Baada ya miezi mitatu nendeni zahanati pamoja, kwa kundi, mkaombe madaftari yenu yasomwe.